Meko Juu ya Waya

Wifi yangu alipotaka kumwozea bintiye uani kwangu, nilikubali, lakini kwa masharti. Mimi nauza barafu, na friza zangu ziko banda la nyuma. Umeme wa banda unatoka nyumba ya mbele, kwa waya uliozikwa chini ya mchanga wa ua. Fundi aliyeuzika alinieleza, nami nikamrudisha aseme tena: waya ukibebeshwa mzigo wa umeme hupata joto, na udongo ndio unaoupooza. Mzigo ukizidi, au joto likikosa pa kutokea, ganda lake huyeyuka.

Siku ya harusi Wifi akaja na feni, spika na taa za rangi, zote zichomekwe bandani.

"Friza moja nazima," nikamwambia. "Na wewe toa hizo taa. Jua la Malindi lote hili, unammulikia nani?"

"Yaani wewe hata umeme waupatania bei?"

"Umeme haupatani na mtu. Ndiyo maana napatana nawe."

Taa akatoa, feni akabakisha. Nikahesabu plagi, nikazihesabu tena. Mzigo ulikuwa sawa. Nikaenda kuvaa.

Niliporudi, ua umejaa akina mama, spika zinanguruma. Nikavua viatu nipite penye mikeka. Mchanga ulikuwa moto, na pale ni kivulini, chini ya turubai. Nikatazama mbele. Mpishi alikuwa amepanga meko yake msururu, kutoka mlangoni hadi bandani, juu ya waya kabisa. Pale palishachimbwa, mchanga ni laini, mafiga yanakaa imara; mpishi yeyote wa harusi angepachagua. Pilau ilishaepuliwa, yamebaki makaa mekundu.

Mzigo niliuhesabu mara mbili. Moto sikuuhesabu hata mara moja.

Naye mpishi, mama mtu mzima, miguu mitupu, amebeba ndoo ya maji ayazime.

"Bi mkubwa, usimwage!"

"Sasa niyaache, watoto waungue?"

"Weka ndoo! Toka hapo!"

Akacheka. Alidhani nalilia mchanga wangu usiloe. Nami sikuwa na pumzi ya kueleza. Nikakimbilia swichi kuu, ukumbini nyumba ya mbele. Nyuma yangu sauti za wanawake zikapaa, nami nikashindwa kujua kama ni vigelegele au mayowe. Mara ya kwanza swichi nikaikosa. Nikaishika, nikaishusha.

Spika zikanyamaza. Sikuthubutu kugeuka kutazama.

"Wewe! Umetuzimia harusi?"

Alikuwa Wifi. Sijawahi kufurahia kugombezwa kama siku ile.

Nikarudi uani. Maji yalishamwagwa. Mpishi amesimama katikati ya tope na mvuke, mzima, anasonya.

Fundi alipokuja akafukua. Ganda la waya lilikuwa limelainika. Alipolibonyeza, kidole kikaacha shimo. Mahali pamoja shaba ilikuwa nje kabisa, imelowa.

Mpishi akainama. "Hapa ndipo niliposimama?"

"Hapo hapo, mama."

Akaomba kiti. Akaketi, akapandisha miguu yote miwili juu, akaikunjia ndani ya kanga. Akina mama wakaanza kuimba bila spika, chini chini. Bibi harusi akatolewa, watu wote wakasimama kumtazama. Mpishi akamtazama akiwa pale pale kitini, na miguu hakuishusha.