Mshahara wa Mtu Asiye na Mke

Siku moja naikumbuka vizuri kuliko hata harusi yangu, mwanangu. Mume wangu Karisa alirudi Chaani jioni, vumbi la magunia mpaka kwenye kope, akaketi kizingitini bila kuvua shati. Yeye na wenzake walikuwa wachukuzi kwenye ghala moja hapo Changamwe, na siku hiyo walikuwa wamekwenda kwa bwana mkubwa, mzungu mwenye ghala, kuomba nyongeza. Walijibiwa kwamba mshahara ule umepangwa kwa mwanamume mmoja na tumbo lake. Wake na watoto wa vibarua, alisema yule mzungu, wako kwao mashambani wanakula mihogo yao.

Mashambani wapi? Mimi nilikuwa nyuma ya pazia namnyonyesha binti yangu, na jikoni hakuna hata unga wa kukorogea uji. Lakini nikasema tushukuru, angalau kazi ipo. Mavyaa wangu alikuwa anasuka mkeka. Akauacha.

"Mke wa mwanangu."

"Abee, mama."

"Tulikutolea mahari, mkaenda kanisani watu wakiona. Leo mtu anasema mwanangu hana mke, nawe unashukuru. Basi wewe humu ndani ni nani?"

Uso ulinishuka, haki ya Mungu. Usiku ule ule mama yule alipita mlango kwa mlango kuwaambia wake wa wachukuzi.

Asubuhi tulikwenda sote, watoto migongoni, masufuria na kuni vichwani. Tukapanga mafiga mbele ya lango la ghala, katikati kabisa, gari lisipate pa kupita, tukabandika uji wa unga wa kukopa. Moshi ukawaingia ofisini. Nyapara akatoka mbio, akaapa kwamba mwanamke atakayebaki pale, mumewe hana kazi tena. Niliogopa, sikufichi. Kibarua cha Karisa kikiota nyasi, chumba kimekwenda, na mtoto nitamlisha nini?

Mara bwana mkubwa mwenyewe akaja, akauliza hawa ni nani. Mavyaa hakusimama. Alimwambia nyapara, "Mfasirie. Mwambie sisi ndio wale tusiokuwapo."

Karisa akatua gunia, akaja kuketi kando yangu. Wenzake wakamfuata, na siku ile hakuna gunia lililopanda behewani, wala siku iliyofuata. Nyongeza ilikuja, tena kwa shingo upande. Haikututosha. Lakini ilihesabu mtu na watu wake, na hakuna aliyefukuzwa, maana wangefukuza wangapi?

Basi wewe unayeniambia kwamba tajiri wako huko Kipevu analia, eti mshahara wa chini ukipandishwa atafunga biashara, nisikilize. Usimwonee haya. Akisema mshahara unatosha, muulize unamtosha nani. Mtajie mkeo kwa jina, mtajie na wanao mmoja mmoja, mpaka achoke yeye. Wala usiende peke yako, na akina mama msiwaache nyumbani. Kushukuru, mshukuru Mungu. Tajiri hakukupa sadaka, umemtolea jasho.

Mungu akupe kifua, mwanangu. Akupe riziki inayolingana na mgongo wako, uile na wanao mkiwa mmeshiba na hamna mtu wa kumwogopa. Amina. Haya, ondoka hapa, kawaite wenzako.