Nilivyogandia kwenye boti siku ya posa ya Neema

Naona aibu hata kuanza, na wanangu wameniomba nisiisimulie hii mbele za watu, lakini kwa kuwa wao wenyewe huisimulia kila harusi, na kila mara wananiongezea ujinga ambao sikuufanya, bora muisikie kwangu mwenye makosa.

Mimi ni Mchaga wa Kibosho, nimeuza vitasa na bawaba Kariakoo mpaka nywele zimeisha, na sijui kuogelea. Sasa mtu kama huyo boti ya nini? (Mke wangu, Mama Neema, aliuliza hivyo hivyo, na mpaka leo hajajibiwa.) Niliikuta imetelekezwa Kigamboni, boti ndogo ya faiba, ubavuni ina tundu la kupitisha kichwa, nikaipenda palepale kama kijana, nikaivusha kwa pantoni ikiwa juu ya mkokoteni na kuiweka uani kwetu, katikati kabisa, wanawake wakawa wanaanika nguo kwa kuizunguka.

Kuziba faiba si kazi ngumu ukiwa na subira. Unakata kingo zilizoharibika, unapiga msasa mpaka mwili mzima unawasha, halafu unatandika vipande vya mkeka wa nyuzi za kioo na kuvilowesha rezini, tabaka juu ya tabaka. Rezini ni nzito kama asali, na haikauki mpaka uitie dawa wanayoiita hadina, tena kidogo tu. Muuzaji aliniambia nisizidishe, hasa kwenye joto letu hili, maana itachemka na kuganda kabla sijageuka. Nikamwitikia vizuri sana.

Siku hiyo walikuwa wanakuja watu wa Elia kumposa Neema, kitinda mimba wetu. Elia ni Mpare, na sisi Wachaga na Wapare ni watani, kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa kuwatoa jasho kidogo. Lakini mshenga wao, Mzee Mbwambo, baba mkubwa wa Elia, hakuwa mtu wa masihara. Tulishasikia kwamba hakutaka kijana wao aoe nje ya Upare na anatafuta sababu tu. Neema alikuwa amekonda kwa hofu. Asubuhi alinishika mkono akaniomba boti leo niiache, nikamwambia naiacha.

Basi mchana nimeshaoga, nimevaa suruali ya suti, wanawake wako jikoni na mimi sina kazi. Nikaliangalia lile tundu. Nikajiambia, wageni wakikuta limezibwa wataona mwenye nyumba ni mtu wa kazi, na tabaka moja tu litanipunguzia nini? Nikajifunga kitenge kulinda suruali (kumbe kilikuwa cha sare, Mama Neema alikitafuta mchana kutwa), nikaingia ndani ya boti nikakaa, nikachanganya rezini kwenye kopo la plastiki, na ili ikauke upesi nikatia hadina mara mbili ya nilivyoambiwa, halafu nikaweka na ya nyongeza, kama tulivyozoea kuwafanyia wateja wazuri.

Kopo likaanza kufuka moshi. Nikaliweka kando ya paja huku nikiharakisha kutandika mkeka, nalo likayeyuka kimyakimya, rezini yote ikatiririka chini yangu. Nilihisi joto, nikadhani ni jua. Mara nikasikia shikamoo na marahaba koridoni, wageni wamewahi. Nikataka kusimama, sikusimama. Nguo ukiilowesha rezini ndiyo faiba yenyewe, kwa hiyo kitenge, suruali na boti vilikuwa vimeshakuwa kitu kimoja, na mimi ndani yake.

Ningesema ukweli palepale tungecheka yakaisha. Lakini niliona haya, nikaamua kujifanya nimekaa tu. Mzee Mbwambo akatokea na fimbo yake, watu wake nyuma, Elia akiwamo, akanijia amenyoosha mkono. Ananizidi umri, na kwetu kama kwao, mkubwa humpokei ukiwa umekaa. Nikampa mkono nimekaa, ndani ya boti, nikasema karibuni sana. Akasubiri. Nikatabasamu. Akaurudisha mkono wake polepole, akawageukia wenzake.

"Huyu bwana hawezi kutunyanyukia. Twendeni nyumbani."

Elia akainamisha kichwa. Wa kwanza wao alikuwa ameshaingia koridoni pale Neema, ambaye kwa desturi alipaswa kukaa chumbani mpaka aitwe, alipotoka mbio bila hata viatu.

"Baba, simama."

"Siwezi, mwanangu. Nimegandia."

Mzee Mbwambo akarudi. Akachungulia ndani ya boti, akakigonga kitenge changu kwa fimbo, kikalia ko, ko, kama meza. Akagonga tena, nadhani kwa raha zake. Midomo ikaanza kumcheza.

"Jamani, kaeni," akasema. "Tangu nizaliwe sijawahi kumkuta Mchaga asiyeweza kukimbia. Maneno yote tunayamaliza leo."

Wakavuta viti wakaizunguka boti, na posa ikasemwa hivyo, mimi katikati kama mzigo wa samaki unaonadiwa soko la Feri. Maswali magumu niliyowaandalia sikuuliza hata moja. Akaulizwa Neema kama anawafahamu wageni hawa.

"Nawafahamu, na nimewakubali. Lakini baba yangu mtoeni kwanza."

Wanawake wakanizungushia khanga kama pazia, na mkasi akaushika Mzee Mbwambo mwenyewe, amepiga magoti, anakata suruali yangu ya suti taratibu asinidhuru. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mtani, nilikuja na neno la kukataa. Sasa nitalisemaje nami nimekushika suruali?"

Hadina najisamehe, kila fundi huzidisha siku moja. Ninachojutia ni ile dakika niliyokaa natabasamu, binti yangu ananiangalia dirishani, na mimi naona heri waondoke kuliko nichekwe. Sina binti mwingine wa kuposwa, lakini wajukuu wa kike ninao, na siku wageni wao watakapokuja watanikuta mlangoni, nimesimama tangu asubuhi, mikono mitupu.