Fimbo ya Mchimba Makaburi

Hawachoki hawa wajenzi wa daraja. Tangu Pasaka wananitumia watu: mama Nastaca, andika habari za fimbo ya mumeo. Mimi wa madarasa matatu! Haya, naandika mara moja, msinirudie.

Mume wangu Toader alichimba makaburi ya kijiji hiki miaka arobaini. Kila majira ya baridi aliisimamisha fimbo shimoni, akaikata alama pale udongo ulioganda ulipoishia. Mwaka mbaya kuliko yote, alama ilimfika kifuani.

Mwaka jana mafuriko yalibeba daraja. Akaletwa injinia kijana aweke la muda. Binti yetu Saveta alikuwa mjamzito, wa kujifungua Februari, na hospitali iko ng'ambo. Toader akaenda kutazama. Mashimo ya miguu ya daraja yalikuwa ya magotini.

"Bwana injinia, hapa unapanda vitunguu au daraja?"

"Mzee, hili ni la baridi moja tu."

"Na baridi umeiambia? Udongo huu ukiganda unavimba, utakunyanyulia miguu. Ukiyeyuka, mto utaichimba chini."

"Wewe shughulika na maiti wako."

"Nashughulika nao. Hakuna aliyewahi kulalamikia kina."

Injinia akacheka, akamwachia mguu wa upande wetu, achimbe upya akitaka. Wiki mbili alichimba. Mpaka kifuani, changarawe chini, mawe makubwa na matawi ya mierebi upande wa mkondo. Jioni nilimvua viatu kama mtoto.

"Baba Saveta, inatosha."

"Bado wa ng'ambo."

Mgongo ukakataa. Ng'ambo hakufika.

Februari mguu wa ng'ambo ulipanda shubiri nzima. Daraja likainama, gari la hospitali likagoma kuvuka. Saveta alivuka kwa miguu, uchungu umemshika, mimi nyuma namsukuma. Alipata msichana, wazima wote. Machi barafu ikayeyuka, mto ukaula mguu ule, daraja likalala majini.

Mguu wa Toader ungali umesimama. Mwenyewe hakuinuka tena. Aprili vijana walimchimbia kaburi la kina kifupi; nikawarudisha shimoni.

Sasa wanajenga tena, wanaitaka fimbo. Siitoi. Wewe unayesoma, chukua sepetu, njoo ng'ambo Jumatatu. Chimba mpaka kifuani, na kama u mfupi, mpaka shingoni. Nitakuja na fimbo, nipime mwenyewe.