Vali Nyuma ya Mlango wa Mkwe

Mimi ni fundi wa gesi, na kazi ninayoikumbuka kuliko zote sikuigusa hata kwa kidole.

Mama mkwe wangu alipopooza upande wa kushoto, mke wangu alikataa abaki peke yake kijijini. Kwetu Wajaluo mama mkwe halali nyumbani mwa mkwewe, kwa hiyo nilimjengea nyumba ndogo nyuma ya yetu, hapa mtaa wa Manyatta. Bafuni nikafunga hita ya gesi yenye tangi, mtungi nikauweka nje. Alipotandikiwa kitanda, mlango ule ukawa mwisho wangu. Mkwe wa kiume haoni kitanda cha mama mkwe, na bafu halifikiki ila kwa kupita kando ya kitanda. Aliyechora nyumba hiyo ni mimi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake; zangu siku hiyo zilikuwa zimenyolewa.

Kila asubuhi mke wangu alimkalisha mama yake kwenye maji ya moto, na mkono uliojikunja ukaanza kufunguka. Akafika mahali pa kushika kikombe mwenyewe. Kisha asubuhi moja mke wangu akaja mbio akisema ndani kunanuka gesi. Nikafunga mtungi. Ilikuwa vali ya hita, ile inayopitisha gesi na kupima joto. Ilikuwa imechoka, inavuja. Tukarudia maji ya beseni kutoka jikoni, ambayo yalipoa kabla hayajamfaa. Mkono ukaanza kujikunja tena. Nikawa naona kikombe cha chai kikirudi kimejaa.

Nilitaka kumleta fundi mwenzangu. Mama akakataa. "Mwanaume mwenye sijui hawezi niona hivi," alisema kutoka ndani.

Wapo watakaosema gesi haijui mila. Mimi nilikasirika kuliko wao. Lakini mwanamke yule alikuwa amepoteza mguu, mkono na nusu ya uso. Heshima ndiyo iliyobaki nzima, na sikuwa tayari kuivunja.

Nikanunua vali mpya, nikampa mke wangu spana, nikaketi nje ya mlango, mgongo ukiuelekea.

"Funga maji yanayoingia. Mwaga tangi lote."

"Imeisha."

"Sasa fungua paipu ya gesi."

"Baba, imekataa."

"Haijakataa. Wewe ndiye unaibembeleza."

Nikamsikia mama akicheka, mara ya kwanza tangu augue.

Vali ya zamani ikatoka. Nikamweleza azungushie utepe wa kuzuia gesi kwenye nyuzi za paipu, aingize mpya kwa mkono kwanza, ndipo akaze kwa spana. Tangi lilipojaa nikafungua mtungi, naye akapaka povu la sabuni kwenye viungo kuona kama panavuja.

"Inatoa mapovu," akasema.

Niliufunga mtungi, nikashika kitasa. Niliogopa kama sijawahi kuogopa kazini: mke wangu na mama yake, chumba kimoja, na gesi.

"Ora," mama mkwe akaniita, taratibu, kwa lile neno letu la wakwe. "Kaa hapo. Msichana wangu atamaliza."

Nikakaa. Mke wangu akafungua madirisha, tukangoja harufu iishe, akafungua kiungo na kuzungushia utepe upya. Nikafungua mtungi tena; safari hii povu lilitulia. Akawasha kijimoto cha hita, akabana kitufe mpaka moto ukashika.

Baadaye nilisikia maji yakimiminika kwa muda mrefu.

"Ora, maji iko moto."

"Asante, Mama."

Mazungumzo yetu mengi yalikuwa hivyo, yakipita kwenye mbao.

Alifariki msimu wa mvua, mkono wake ukiwa umefunguka. Tulimrudisha kijijini kwake, tukamzika. Kitanda kilipotolewa, mke wangu aliniita niing'oe hita, kwani kulikuwa na mteja aliyeitaka. Nilisimama mlangoni, mtu mzima, nikiogopa chumba kitupu. Kisha nikaingia.

Vali ilikuwa imekaa kombo, rangi yake imechubuliwa na spana pande zote. Fundi wangu yeyote angeniletea kazi ya namna ile ningemwambia aanze upya. Niliketi sakafuni mbele yake, nikalia. Mteja nilimtafutia hita nyingine.