Jina Nililomuungia Mwanangu

Mimba yangu ilikuwa na miezi saba pande mbili zilipoanza kugombania jina la mtoto. Wifi zangu, watu wa Mara, walitaka la bibi yao. Ndugu zangu wa Kagera walitaka la mama yangu, aliyefariki mimi nikiwa bado shuleni. Nikachukua penseli, nikakata kipande cha jina la mama na kipande cha jina la bibi yao, nikaviunga. Likatoka jina ambalo Mwanza nzima hakuna aliyewahi kuitwa. Mume wangu alilitamka mara mbili, akacheka. "Hapa hakuna atakayenuna," akasema.

Kwetu jina la mtoto halisemwi kabla hajazaliwa, na nililijua hilo. Lakini nilikuwa na rafiki pale Mkuyuni, jirani wa ukuta mmoja, mjamzito kama mimi. Tulishinda pamoja kwenye foleni ya sukari nje ya duka la ushirika, kila mtu na jiwe lake la kushikia nafasi. Miguu yangu ikivimba, ananiambia nikakae kivulini, yeye anasogeza mawe yetu yote mawili. Mtu wa namna hiyo unamficha nini? Nikamwambia jina, na nikamweleza nilivyoliunga na kwa nini.

Yeye alitangulia kujifungua, kwa mama yake Sengerema. Aliporudi na kivuko nikaenda kumpongeza, na kanga mpya mkononi. Nikauliza mtoto anaitwa nani. Akalitaja jina langu lilelile, huku akijifanya anamfunga mtoto nepi.

"Usikasirike, dada. Lilinikaa tu mdomoni. Na wako mwite hivyohivyo, watakuwa wajina."

Kikulacho ki nguoni mwako. Niliiacha kanga kitandani, nikatoka bila kuaga.

Binti yangu alipozaliwa, mama mkwe hakuzunguka. "Mwanangu, mjukuu wangu hawezi kuokota jina kwa jirani." Akapewa la bibi yao, zima. Mume wangu, yule aliyecheka, safari hii aliinama akafunga kamba za viatu, akaenda kazini. Niliumia sana. Mama yangu hakubaki popote, isipokuwa kwa mtoto wa yule mwanamke.

Mtoto huyo alipoanza darasa la pili, alikuja mlangoni kwangu na daftari.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba."

"Mwalimu ametutuma tuulize maana ya majina yetu. Mama anasema langu halina maana, eti ni zuri tu. Ni kweli?"

Alikuwa hana kosa lolote, na penseli ilikuwa tayari mkononi mwake. Ningemtajia mama yangu, angemwandika. Lakini hasira ya miaka yote ile ilikuwa haijaisha.

"Ni kweli," nikamwambia. "Halina maana."

Akaandika polepole, akanishukuru, akaenda. Mama yake nimemlaumu hadi leo, lakini hilo nililifanya mwenyewe.