Watu Wasio na Malalamiko

Mwaka 1999 watu wengi wa Kisumu hawakuwa na shida yoyote na intaneti, kwa sababu hawakuwa na intaneti. Hilo halikumzuia Elsie Nabwire kuwatengenezea programu ya kuisoma.

Elsie alitoka Busia akaja kufundisha taipu katika chuo kidogo cha makarani. Cherehani yangu ilikuwa kwenye veranda ya chuo hicho, chini ya dirisha lake, na kwa kuwa mimi si mtu wa maneno, watu walinisahau wakaongea yote mbele yangu. Mhadhiri mmoja wa Maseno, akienda kusoma ng'ambo, alimwachia Elsie kompyuta ya mkononi, ndogo kama sabuni ya kufulia iliyotumika nusu, ya kugusagusa kwa kalamu ya plastiki. Mwenyewe alikuwa ameshindwa nayo. Basi akampa zawadi, kama wasomi wanavyopenda kutoa zawadi.

Ndani ya kile kidude kulikuwa na programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Siku hizi mnaiita kivinjari. Sisi tuliiita ile kitu ya Elsie. Ilikuwa programu ya wazi. Maana yake, mtu yeyote duniani angeweza kuona ilivyoandikwa, kuichukua, kuirekebisha na kuwarudishia wenzake, bila malipo. Hayo maneno mawili ya mwisho, nyumbani kwao Busia waliyaelewa haraka kuliko mengine yote.

Elsie akajifunza kuiandika, akajiunga na waliokuwa wakiirekebisha. Wenzake katika kazi hiyo walikuwa Finland, Kanada na Brazili, nchi ambako inaonekana simu hufanya kazi hata mvua ikinyesha. Walipoandika programu yao hawakufikiria kwamba laini ya simu inayoleta intaneti inaweza kukatika. Ikikatika, ukurasa wote ulifutika, ukaanza upya kama mtu asiyejua kusoma. Elsie akaamua kuandika kipande kimoja tu: laini ikikatika, kilichokwisha kufika kibaki kwenye kioo. Kazi hiyo aliifanya mwaka mzima, kila jioni wanafunzi wakishaondoka, kwenye kompyuta ya chuo iliyokuwa ikilia kama posho mill ya kusaga mahindi.

Kipande kikaisha. Yule bwana wa Finland aliyekuwa msimamizi wa mradi akamwandikia: kabla ya kukiingiza katika toleo jipya, wape watu wa kawaida wakijaribu, kisha niletee makosa watakayoyaona.

Elsie akawaita watu. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, akawapikia chai ya maziwa na mandazi. Hapo ndipo alipoiua kazi yake mwenyewe.

Mimi nashona suruali za watu wa mji huu tangu ujana. Najua mtu wa kwetu akishakula chako hawezi kukuambia kazi yako ni mbaya. Atavaa suruali inayombana hadi machozi yatoke, atashukuru, na hutamwona tena.

Bwana Gordon Oduor, katekista mstaafu, alikishika kidude juu chini kwa muda mrefu. Hakuna kilichofunguka.

"Ni nzuri sana," akasema. "Mungu akubariki, binti yangu."

"Mzee, umeona nini?"

"Nimeona mkono wa Bwana."

Masinde, fundi wa magari kutoka Mamboleo, mtu ambaye akisikia injini ya lori inakohoa hutukana ukoo wote wa dereva, kidude kilimgandia mkononi. Akakirudisha polepole kama anayemlaza mtoto.

"Iko sawa kabisa, sista. Imepumzika tu kidogo."

Mama Selpha, muuza omena wa Otonglo, alitazama kioo kilichokuwa cheupe pee, akasema, "Ber ahinya. Nzuri mno. Hayo mandazi yamebaki?"

Elsie akapeleka ripoti: watu wote wamefurahi, hakuna kosa. Jibu lilikuja upesi, naye akalisoma kwa sauti dirishani, nami nikalisikia lote. "Nimeandika programu miaka mingi na sijawahi kupata baraka ya namna hiyo. Ama hukuwajaribisha watu, ama unanificha. Nisipopata makosa ya kweli kufikia Ijumaa, kipande chako hakitatoka na toleo hili."

"Mtu mzima anaomba makosa!" Elsie akasema. Nilipochungulia nikaona anafuta macho kwa karatasi ya taipu. Mwaka mzima ungekwenda na maji kwa sababu Kisumu ina adabu.

Akawaita tena. Akawasihi. "Tafadhalini, semeni kibaya chake." Wakacheka kwa upole na kumhurumia. Bwana Oduor alimshauri aombe. Masinde alimwuliza kama nyumbani wako salama.

Jumatano akaja Mama Selpha, karai la omena kichwani, amepita tu kusalimia. Elsie alikuwa amechoka. Hakumpa hata maji. Alimsukumia kidude mkononi, laini ikiwa imeunganishwa. Ukafunguka ukurasa wa habari za samaki. Mama Selpha akasoma, midomo ikitembea, kisha akakwama.

"Hii kitu ni ya nani hasa?"

Nadhani Elsie hakupanga. Nadhani alikuwa amechoka tu kuhurumiwa.

"Si yangu," akasema. "Ni ya injinia mmoja wa Nairobi."

Mama Selpha akalitua karai chini.

"Nilijua! Nilijua tu! Hebu ona hapa. Inasema wavuvi wa ziwa wataruhusiwa tena, halafu basi! Tutaruhusiwa nini? Tuoge?"

"Laini ilikatika, Mama. Kilichofika ndicho kimebaki."

"Sasa mimi nitajuaje imekatika? Si ninadhani habari imeisha? Niende Otonglo niwaambie watu tumeruhusiwa, wanilize? Huyo mtu hana mama? Na hizi herufi, aliandikia mchwa? Na hiki kimshale cha kurudi, amekiweka pale kidole kinapokaa. Kila nikishika, narudi. Yeye anashika vitu na meno?"

Elsie alikuwa akipiga taipu kwa mikono yote miwili, hatazami hata herufi.

Habari za injinia zilienea kabla jua halijatua. Alhamisi asubuhi Masinde alikuja bila kuitwa, mikono imejaa grisi.

"Ni ya Nairobi? Na ulituficha, sista? Hiyo kitu ni takataka! Ukiigusa mara mbili inakufa kama gari ya serikali. Mimi siku ile niliogopa kusema."

Bwana Oduor naye alifika amevaa miwani, akakaa, akakataa chai kwa sababu, alisema, leo anataka akili iwe huru. Katekista huyu aliyekuwa ameuona mkono wa Bwana aliona sasa mambo ambayo hata shetani angeyaonea aibu. Jambo lililomuudhi kuliko yote ni kwamba ukurasa ukiwa njiani, kidude hakionyeshi dalili yoyote. "Mtu anakaa mbele yake kama mjinga. Hata mgonjwa mahututi huhema!"

Kufikia jioni yule injinia alikuwa na kitambi, gari la kizungu na wake wawili. Mtu mmoja alidai kumjua kwa sura.

Elsie alirekebisha alichoweza. Laini ikikatika, sasa mstari mweusi ulitokea chini ya ukurasa kusema habari haijaisha. Ukurasa ukiwa njiani, kinukta kilikuwa kikiwaka na kuzima. Ijumaa akatuma makosa yote pamoja na marekebisho. Jibu la Finland lilikuwa fupi: kipande kimeingia, na hao watu wako ni wakali, usiwapoteze.

Toleo lilitoka. Jina la Elsie Nabwire lilikuwa ndani, kwa maandishi madogo kwenye orodha ya waliosaidia. Aliniita nilione. Nikasema hongera, nikarudi kwenye cherehani kabla hajaniuliza lingine.

Wiki iliyofuata Mama Selpha alipita. Akajaribu toleo jipya, akaona mstari mweusi, akapiga kofi pajani.

"Umeona? Nilimsema huyo mtu akasikia! Nairobi ukiwanyamazia wanakukalia kichwani."

Elsie akashindwa kujizuia. "Mama, huyo mtu ni mimi. Hakuna injinia. Mimi ndiye niliyeandika kipande hicho."

Mama Selpha akamtazama. Uso wake ukalainika, ukawa ule wa siku ya mandazi.

"Aa, nyathina. Mtoto wangu. Basi ni nzuri sana. Haina kosa hata moja." Akakirudisha kidude kwa mikono miwili na kuanza kutafuta karai lake.

Elsie alikuwa tayari ameombwa na yule bwana wa Finland makosa ya toleo lijalo. Alilitazama lile jina lake dogo kwenye kioo, kisha akakifunga.

"Nilikuwa nakutania, Mama," akasema. "Ni ya yule wa Nairobi."

"Eeh! Wewe pia!" Mama Selpha akavuta kiti, akaketi. "Sasa lete kalamu uandike. Kwanza mwambie hicho kinukta chake kinaniumiza macho."