Shindano ya Bule

Mama alinisuka nywele kila Jumamosi jioni, ili Jumapili niingie misani na kichwa cha heshima. Mwaka nilioanza shule, bega lake la kulia likagoma. Kusonga bukari, ugali wa nyumba nzima, lilikubali, kwa maumivu. Kuinuka hadi kichwani mwangu, hapana. Nikasukwa na jirani, na vidole vyake vilikuwa vya kung'oa mihogo.

Baba alikuwa mtu wa mgodi, hivyo tulitibiwa kwenye hospitali ya kazi. Huko daktari Mchina alimpapasa mama nyuma ya bega, akapata kifundo kigumu cha msuli, akakichoma kwa sindano nyembamba isiyo na bomba wala dawa. Niliuona msuli ukiruka chini ya ngozi. Mama alingoja mpaka tulipofika barabarani.

"Dawa banauzisha ku soko," akasema. "Minye banipika shindano ya bule."

Usimcheke. Miaka ile kila kitu kilipita mlango wa nyuma: unga, sukari, hata misumari. Sindano isiyo na dawa ingekuwa nini kama si wizi? Jioni, bado akifoka, akanivuta katikati ya magoti yake, akanisuka kichwa kizima. Alipomaliza ndipo alipoutazama mkono wake.

"Ni kasirani," akasema. "Kasirani njo imeinua mukono."

Baba alimsihi arudi kwa Mchina.

"Nirudie, banibe tena?"

Hakurudi. Maumivu ndiyo yaliyorudi, na mkono ukawa unakwama kwenye masikio yangu. Basi akatafuta hasira. Aligombana na mwanamke aliyetuletea samaki wa ziwa Tshangalele, maskini, samaki wabichi kabisa. Mkono haukuinuka.

Mimi nikaona hasira ya samaki ni ndogo. Jumamosi moja nikaitwaa sahani yake ya harusi, nikaiangusha mbele yake makusudi. Kisha nikaketi chini, nikampa kichwa, nikangoja.

Mama akaokota vipande.

"Mama, hauna kasirani?"

"Juu yako?" akasema. "Nitaipata wapi, mutoto yangu?"

Akakilaza kichwa changu pajani, akapitisha mkono wa kushoto juu ya nywele zangu zilizofumuka. Nimezeeka sasa, nimesukwa na wasusi hodari kuliko yeye. Hakuna anayenisuka nisitamani kusukwa na mama, hata kwa mkono ule wa kushoto usiojua kusuka.